Programu hubadilishwa Basel, vyandarua huhesabiwa Malinyi

MFANYABIASHARA wa vyandarua mjini Malinyi anapopanga kuagiza mzigo kutoka Dar es Salaam, hesabu zake nyingi hazina siri. Bei ya jumla anaijua. Nauli ya lori hadi Ifakara anaijua. Tangu daraja la Mto Kilombero lenye urefu wa mita 384 lifunguliwe rasmi Mei 2018, hana tena wasiwasi wa kivuko kama ule uliokuwapo Januari 2016, MV Kilombero II ilipopinduka. Swali linalombakia ni moja: je, serikali itagawa vyandarua vya bure katika halmashauri yake, na ni lini?

Sehemu ya jibu la swali hilo hutoka mbali na soko. Mwaka 2020 wataalamu wa Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Malaria, pamoja na wenzao wa Taasisi ya Uswisi ya Afya ya Kitropiki na Jamii, iliyokuwa Basel wakati huo, walichapisha hesabu za kompyuta zilizokadiria yatakayotokea iwapo vyandarua vitagawiwa, dawa itapulizwa ukutani au matibabu yataboreshwa. Halmashauri 184 za Tanzania Bara zilihesabiwa, kila moja peke yake. Lengo lilikuwa kusaidia kupanga mkakati wa malaria wa mwaka 2021 hadi 2025.

Programu iliyotumika inaitwa OpenMalaria. Haina picha wala vitufe vya kubofya. Anayeitumia huandika amri kwa herufi, huitajia jina la faili lenye maelezo ya mahali na hatua zinazopimwa, kisha husubiri. Programu hiyo hubadilishwa mara kwa mara, na matoleo yake yamekwishapita namba 40.

Kwa wengi hayo ni mambo ya mafundi. Lakini kwa mtu aliyefunga mtaji wake katika marobota ya vyandarua au makasha ya dawa mseto, ni vigumu kuwaachia mafundi peke yao. Toleo jipya laweza kutoa tarakimu mpya kwa halmashauri ile ile, hali bondeni hakuna mbu hata mmoja aliyeongezeka wala kupungua.

MIZIZI YAKE BONDENI

Programu hii ina undugu wa karibu na bonde la Kilombero. Mswisi Rudolf Geigy alifika Ifakara mwaka 1949, na mwaka 1957 maabara ya utafiti ikafunguliwa pale. Maabara hiyo ndiyo iliyokua hatimaye ikawa Taasisi ya Afya Ifakara ya leo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wake walihesabu mbu katika kijiji cha Namawala na kukuta kwamba mkazi mmoja aliumwa na mbu wenye vimelea vya malaria zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Katika kijiji jirani cha Idete, watoto 586 wenye umri wa mwaka mmoja hadi mitano waliingizwa katika jaribio la chanjo ya SPf66 iliyobuniwa nchini Kolombia. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1994 yalionyesha kinga ya asilimia 31. Chanjo hiyo ilipojaribiwa baadaye Gambia na Thailand, kinga ya maana haikuonekana.

Hapo ndipo lilipozuka swali ambalo mfanyabiashara yeyote analielewa. Tarakimu ya Idete ni ya Idete. Nani atasema itakuwaje mahali pengine, kwenye mbu wachache zaidi, watu wengine na zahanati nyingine? Kurudia jaribio kila wilaya hakuwezekani. Wataalamu wa Basel wakaamua kujenga vijiji ndani ya kompyuta: watu maelfu wa kubuni, kila mmoja na umri wake na kinga yake, wakiumwa na mbu, wakiugua, wakipona au kufa, hatua baada ya hatua ya siku tano, kwa miongo kadhaa. Takwimu za Namawala, pamoja na za mahali pengi barani Afrika, zilitumika kuhakikisha kijiji cha kubuni kinafanana na cha kweli. Maelezo ya modeli hiyo yalichapishwa mwaka 2006.

Tatizo likawa wingi wa kazi. Kijiji kimoja kikiendeshwa mara moja si kazi kubwa. Lakini kila hali hupaswa kurudiwa mara nyingi kwa bahati tofauti, na hali zenyewe ni nyingi, hivyo kazi hufika makumi ya maelfu. Kompyuta moja ingekesha miaka.

KAZI MIKONONI MWA WATU

Suluhisho lilikuwa kuigawa kazi. Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilikwisha kutengeneza mfumo uitwao BOINC, unaomwezesha mtu wa kawaida kuiazima kompyuta yake kwa utafiti wakati haitumii. Mradi wa malariacontrol.net ulianza majaribio mwaka 2005, na Julai 2006 ukatangazwa hadharani chini ya mpango wa Africa@home, kwa ushirikiano na maabara ya CERN ya Geneva. Katika majaribio ya awali, kompyuta za watu wapatao 500 zilifanya kazi ambayo kompyuta moja ingeifanya kwa miaka 150.

Utaratibu wake haukuwa wa ajabu. Seva ilishika orodha ya kazi. Kompyuta ya mtu wa kujitolea iliomba kazi, ikapewa faili na tarehe ya mwisho, ikaikokotoa, ikarudisha jibu. Isiporudisha kwa wakati, kazi ile ile ilipewa mwingine. Malipo yalikuwa alama za heshima tu. Umeme alilipa mwenye kompyuta, jambo ambalo wanaoita kazi ya namna hii ya bure hupenda kulisahau.

Na kwa kuwa seva haimjui mtu wala kumwamini, BOINC huruhusu kazi moja kutumwa kwa kompyuta zaidi ya moja na majibu yalinganishwe. Yakilingana, hupokelewa. Yakitofautiana, hutafutwa kompyuta nyingine ya kuamua.

Ni katika ulinganisho huo ambapo kubadili toleo kunakuwa kazi ya hatari.

NENO MOJA, MAANA MBILI

BOINC ina chombo kidogo cha kuandikia amri kiitwacho boinccmd, ambacho zamani kiliitwa boinc_cmd. Kinazungumza na programu kuu ya kompyuta kupitia mlango namba 31416, tarakimu za mwanzo za pai zikikadiriwa. Mafundi nao wana utani wao.

Miongoni mwa amri zake ipo iitwayo update. Mgeni huidhani ni amri ya kuleta toleo jipya. Sivyo. Maana yake ni kuiambia kompyuta iwasiliane na seva ya mradi sasa hivi, ipeleke kazi iliyokwisha na ichukue maelekezo. Mtu anaweza kuiandika mara mia na programu yake ikabaki ya zamani vilevile.

Kubadili programu yenyewe kuna mpangilio wake, na anayeufuata hapotezi kitu. Kwanza hutoa amri ya nomorework, yaani mradi usipewe nafasi ya kuleta kazi mpya. Kisha huangalia kwa amri ya get_tasks hadi kazi zilizomo mkononi zitakapokwisha. Ndipo hutumia ile update kuzirudisha, huizima programu, huweka toleo jipya, huiwasha na kufungua tena mlango wa kazi. Ni desturi ya mwenye duka anayebadili daftari: hufunga la zamani kwa hesabu kamili kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa jipya.

Upande wa seva mambo ni mazito zaidi. Programu ya utafiti, kwa mfano ile ya malaria, haiwekwi na mtu wa kujitolea. Hujishusha yenyewe katika kompyuta yake pale seva inapompa kazi inayodai toleo jipya. Maana yake ni kwamba atakayeiteka seva anaweza kupeleka programu mbaya katika maelfu ya nyumba kwa usiku mmoja. Kwa sababu hiyo kila faili la programu hutiwa saini ya siri, na kompyuta inayoipokea hukataa faili lisilo na saini hiyo. Waendeshaji wa miradi hushauriwa kuiweka funguo ya kutia saini katika kompyuta isiyounganishwa na mtandao wowote. Ni sawa na mhuri wa kampuni kukaa ndani ya kasiki na si mezani kwa karani.

DEBE SITA NA DEBE SABA

Tuseme sasa saini ipo na toleo limepokelewa. Bado kuna swali la kipimo.

Mkulima wa mpunga wa Malinyi analijua swali hili kuliko mtu wa Basel. Mnunuzi mmoja anakuja na gunia la debe sita, mwingine anakuja na lumbesa inayomeza debe saba, na wote wawili wanaandika kwenye daftari neno lile lile: gunia. Mwisho wa msimu anayejumlisha magunia ya daftari hizo mbili amejumlisha vitu viwili tofauti. Sheria ya vipimo inakataza lumbesa, na Wakala wa Vipimo huhimiza mizani, lakini mkulima aliyekwishapakiliwa mzigo hana pa kurudi.

Ndivyo yanavyokuwa matoleo mawili ya programu moja yanapofanya kazi pamoja. Kompyuta za aina tofauti, ziwe za Intel au AMD, za Windows au Linux, zaweza kutofautiana katika tarakimu ya mwisho kabisa baada ya nukta. Kwa karani wa mishahara hilo halina madhara. Kwa modeli inayotupa kete kwa kila mtu kila baada ya siku tano, tarakimu hiyo moja yaweza kugeuza aliyeambukizwa kuwa asiyeambukizwa, na kutoka hapo historia ya kijiji kizima ikachukua njia nyingine. BOINC hutoa nafasi ya kuzipanga kompyuta zinazofanana katika kundi moja, na pia ya kulazimisha nakala zote za kazi moja zifanywe na toleo moja. Bila hivyo, wakati wa kubadili toleo majibu mazuri mawili yaweza kukataliwa kwa sababu tu hayafanani, na umeme wa watu ukawa umeteketea.

Kuna la ndani zaidi. Kila mwendo wa OpenMalaria huanza na namba iitwayo mbegu, inayoongoza utupaji wa kete. Toleo lile lile, mbegu ile ile, kompyuta ile ile: jibu ni lile lile. Fundi akibadili mpangilio wa mistari michache ya programu, kete hutupwa kwa mfuatano mwingine na jibu hubadilika, ingawa sayansi haijaguswa hata kidogo. Wakati mwingine fundi amebadili sayansi yenyewe, tuseme namna kinga ya mtoto inavyokua, na jibu linabadilika kwa sababu ya kweli. Anayetazama jibu moja peke yake hawezi kuyatenganisha mabadiliko hayo mawili. Dawa yake ni kuendesha mbegu nyingi kwa toleo la zamani na nyingi kwa jipya, kisha kulinganisha wastani na mtawanyiko.

Watengenezaji wa OpenMalaria waliweka kizuizi kinachostahili sifa. Kila faili la maelezo ya hali hubeba namba ya muundo wake, na faili la muundo wa zamani halipokelewi kimya kimya na toleo jipya. Kilitengenezwa hata chombo cha pembeni cha kuyatafsiri mafaili ya zamani. Aidha, programu yaweza kuagizwa ikague faili tu bila kuanza hesabu. Ni usumbufu kwa mwenye haraka, lakini ni usumbufu wa mizani iliyofungwa lakiri.

Inapobadilika sayansi, modeli hurudishwa kwenye takwimu za uwanjani na kupimwa upya. Kazi hiyo ilikuwa ndefu mno hadi mwaka 2021, wataalamu wa Basel walipochapisha njia ya kuifanya kwa msaada wa kompyuta zinazojifunza. Namawala haijaondoka katika habari hii. Takwimu zilizokusanywa kwa mikono bondeni miaka zaidi ya 30 iliyopita bado ni sehemu ya jiwe la mizani.

Wapo waliolikabili suala la matoleo kwa njia nyingine. Mwaka 2012 Tom Smith wa Basel na wenzake walichapisha makadirio ya faida ya chanjo ya malaria wakitumia modeli 14 zenye dhana tofauti kwa pamoja, badala ya kuchagua moja na kuitetea. Msomaji aliona upana wa majibu, si tarakimu moja iliyovaa suti. Mwaka 2016 makundi manne ya wataalamu, la OpenMalaria likiwamo, yaliweka makadirio yao ya chanjo ya RTS,S bega kwa bega. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza chanjo hiyo Oktoba 2021, baada ya majaribio yaliyohusisha pia Bagamoyo na Korogwe.

KOMPYUTA ZA KULIPIA

Mradi wa malariacontrol.net ulifungwa mwaka 2016. Hesabu zikahamia kwenye kompyuta nyingi zilizounganishwa za Chuo Kikuu cha Basel, ambako kazi hugawiwa vilevile kwa kuandika amri, ila mitambo ni ya mwenye nyumba mmoja. Kubadili toleo kumekuwa rahisi: hakuna kumsubiri mtu wa mbali awashe kompyuta yake, hakuna mchanganyiko wa Windows na Linux, na toleo la zamani hukaa kando ya jipya, mtumiaji akachagua. Gharama nayo imehama, kutoka bili za umeme za maelfu ya watu kwenda kwenye bajeti ya chuo na wafadhili wake.

Kilichopotea ni macho ya nje. Maelfu ya watu waliokuwa wakiona kazi zikikataliwa walikuwa wakilalamika hadharani, na malalamiko ya namna hiyo huwa ni ukaguzi wa bure. Programu yenyewe ipo wazi kwa yeyote kuisoma, lakini anayeisoma kwa hiari yake ni nadra.

SOKO LA VYANDARUA

Wafanyabiashara wa Kilombero na Ulanga hawakuanza jana kuishi na maamuzi ya aina hii. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990 mradi wa KINET uliuza vyandarua vya Zuia Mbu katika wilaya hizo mbili, kwa bei, kupitia maduka na mawakala. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kuwa vyandarua hivyo viliambatana na ongezeko la asilimia 27 la watoto kunusurika. Soko lilikuwapo na maisha yaliokolewa.

Mwaka 2004 ikaja Hati Punguzo: mama mjamzito alipewa hati kliniki, akaongeza kiasi kidogo na kuchukua chandarua dukani. Mwenye duka alibaki katika mnyororo. Kisha zikafuata kampeni za ugawaji wa bure kati ya 2009 na 2011, na Hati Punguzo yenyewe ikakoma mwaka 2014. Kwa afya ya jamii uamuzi wa kugawa bure ulikuwa na hoja nzito. Kwa mwenye marobota ghalani, ulikuwa ni mteja wake kupewa bidhaa ile ile bila kulipa.

Tangu hesabu za mwaka 2020, maamuzi yanaweza kutofautiana kati ya halmashauri na halmashauri. Mwenye duka Malinyi hawezi tena kukisia kwa kutazama yaliyofanyika Ifakara. Na hesabu ya ngazi ya halmashauri kwa asili yake ni wastani. Haimtofautishi mkazi wa Malinyi mjini na familia inayohamia shambani msimu wa mpunga na kulala kwenye kibanda kando ya maji, ambako chandarua cha pili huhitajika na mara nyingi ndicho kinachonunuliwa kwa fedha taslimu. Hilo ni soko ambalo modeli haikukusudiwa kulipima, na mfanyabiashara aliye karibu nalo ana habari ambazo Basel haina.

Lipo pia jambo la mipaka. Zuia Mbu ilipouzwa, Malinyi ilikuwa ndani ya Ulanga. Ilikuja kuwa wilaya katika muongo wa 2010. Takwimu za Ulanga za mwaka 1999 na takwimu za Ulanga za leo si za eneo moja, ingawa jina ni lile lile. Mchambuzi asiyeliandika hilo kando ya jedwali lake amejaza lumbesa bila kujua.

Kipindi cha mkakati wa 2021 hadi 2025 kimekwisha. Mwenye mtaji katika bidhaa za malaria atakapoletewa makadirio mapya yanayotofautiana na ya zamani, la kwanza kuuliza ni yalitolewa na toleo lipi, na kama hali za mwaka 2020 ziliendeshwa upya kwa toleo hilo. Kama ziliendeshwa, tofauti inayobaki ni ya bondeni: mbu, mvua, dawa au watu. Kama hazikuendeshwa, hakuna ajuaye ni kiasi gani cha tofauti hiyo kilitoka Malinyi na ni kiasi gani kilitoka Basel. Mratibu wa malaria wa halmashauri ndiye aliye karibu zaidi wa kuulizwa, na ni vyema aulizwe kabla fedha za robota la kwanza hazijatumwa Dar es Salaam.